Mzinga hadi Dar: Familia moja na swali la shule ya Kifaransa

Ukitoka Morogoro mjini, ukalipita lango la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na kuendelea na barabara huku Milima ya Uluguru ikiwa mkono wa kushoto, unafika Mzinga. Jina lenyewe lina maana mbili: kuna mzinga wa nyuki na kuna mzinga wa kulipua. Mgeni akilisikia anafikiria kiwanda cha jeshi kilichopo huko. Mwenyeji anaweza pia kukuonyesha mto wenye jina hilo hilo, mmoja wa mito inayoshuka kutoka mlimani kwenda kujaza bwawa la Mindu, linalowapa maji watu wa mjini.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi barabara hii ni ya watoto. Wapo wanaotembea kwa vikundi, sweta zimefungwa kiunoni, ukingoni mwa barabara ambako nyasi bado zina umande. Wapo waliosimama na mama au dada wa kazi wakisubiri gari la shule, mfuko wa chakula mkononi. Wale wa kwanza mtaani huitwa wanafunzi wa Mtakatifu Kayumba, utani wetu Watanzania kwa shule za serikali. Wale wa pili ni wa shule za mchepuo wa Kiingereza. Ukisimama hapo nusu saa utasikia Kiluguru cha bibi anayeuza ndizi, Kiswahili cha kila mtu, na Kiingereza kilichokaririwa cha mtoto wa miaka 5 anayemwamkia mwalimu wake mlangoni mwa gari.

Nyumba moja ya huko ina lugha ya nne. Mama ni Mluguru, amezaliwa na kukulia Mzinga, na mama yake mzazi anaishi hatua chache kutoka kwake. Baba ni Mkongo wa Bukavu, fundi mitambo, amekaa Tanzania miaka kumi sasa. Mtoto wao wa kiume alikuwa na miaka 5 nilipofahamiana nao. Baba alisoma kwa Kifaransa tangu utotoni, ndugu zake wako Bukavu, Lubumbashi na Brussels, na hamu yake kubwa ilikuwa mtoto asome shule ya Kifaransa. Mama hakukataa. Aliuliza tu: ipo wapi?

Morogoro haipo. Shule ya mtaala wa Ufaransa iliyo karibu na Mzinga iko Dar es Salaam na inaitwa Arthur Rimbaud, jina la mshairi Mfaransa aliyeacha ushairi akiwa kijana na kuishia kuwa mfanyabiashara Harar, Ethiopia. (Waliochagua jina hilo walijua wako upande gani wa dunia.) Majirani zetu nao wanazo za aina hiyo: Nairobi kuna Denis Diderot, Kampala kuna Les Grands Lacs, Kigali kuna Antoine de Saint-Exupéry, na Addis Ababa kuna Guebre-Mariam ambayo ni ya tangu 1947.

Basi wazazi hao wakapanga siku ya kwenda Dar kuangalia kwa macho yao. Kutoka Mzinga unavuka mji mzima hadi Kihonda, iliko stesheni ya treni ya umeme. Tangu safari za SGR kati ya Dar na Morogoro zianze Juni 2024, wazazi wengi wa Morogoro wameanza kuiona Dar kama mtaa wa jirani. Nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 13,000 na safari ni chini ya saa mbili. Lakini kwenda na kurudi ni kitu cha mtu mzima. Mtoto wa miaka 5 hapandi treni kila siku kwenda shule umbali wa karibu kilomita 200.

Hapo ndipo mjadala wao ulipogeuka. Kabla hata ya kuzungumzia ada, walilazimika kuzungumzia mahali pa kulala. Bweni halikuwa jibu. Machi 2023 Serikali ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, ikieleza kwamba watoto wa umri huo wanahitaji malezi ya wazazi wao. Mimi niliunga mkono hatua ile na bado naiunga mkono, ingawa najua wapo wazazi waliobanwa nayo. Kwa hiyo zilibaki njia mbili: mama ahamie Dar na mtoto, au mtoto akaishi kwa baba yake mdogo, Tabata.

Mzazi mwenzangu, inafaa kuelewa shule ya namna hii imejengwa kwa ajili ya nani. Ufaransa ina wakala wake wa elimu ya nje, AEFE, ulioanzishwa 1990, unaosimamia mtandao wa shule zaidi ya 500 duniani. Mtandao huo una faida moja kubwa: mtoto anayesoma shule iliyoidhinishwa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa anaweza kuhamia shule nyingine ya mtandao, iwe Nairobi, Kinshasa au Lyon, akaingia darasa linalofuata bila mtihani wa kuingilia. Kitabu alichokiacha Dar ataendelea nacho huko. Kwa mwanadiplomasia, kwa mfanyakazi wa shirika la kimataifa, kwa familia inayohama kila baada ya miaka 3, hiyo ni nafuu isiyo na mfano. Kwa familia ambayo shamba lake, bibi yake na kazi yake viko Morogoro, nafuu hiyo haina kazi sana.

Idhini hiyo hutolewa kwa ngazi, si kwa jengo zima. Shule inaweza kuwa imeidhinishwa kwa awali na msingi, lakini madarasa ya juu bado. Na shule nyingi ndogo za Kifaransa nje ya Ufaransa huwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu kwa masafa, kupitia kituo cha Serikali ya Ufaransa kinachoitwa CNED, mtoto akiwa na msimamizi mezani badala ya mwalimu wa somo. Si jambo baya, ila mzazi alijue mapema. Uliza: mwanangu akifika miaka 15 atafundishwa na nani, na amesimama mbele yake au yuko kwenye skrini?

Kuna na suala la umri, na hili ndilo lililomkosesha usingizi yule baba. Kwa Wafaransa mtoto huanza awali akiwa na miaka 3, na tangu 2019 nchini kwao huo ndio umri wa lazima. Miaka 3 ya kwanza ni ya kucheza, kuimba, kusikiliza na kuzoea lugha. Septemba ya mwaka anaotimiza miaka 6 anaingia darasa linaloitwa CP, na huko anafundishwa kusoma na kuandika. Mtoto aliyepita awali anaingia CP akiwa tayari anasikia Kifaransa. Anayetoka Mzinga moja kwa moja atajifunza herufi, sauti na lugha yenyewe kwa mkupuo. Inawezekana, watoto wamefanya. Lakini mwanao akiwa na miaka 5 na nusu huna muda mrefu wa kuamua, na shule zinajua hilo.

Ndani ya treni wakirudi, mama alimuuliza mumewe swali ambalo sikulisikia kwenye mikutano ya wazazi niliyowahi kuhudhuria. Je, mwalimu wa darasa anajua Kiswahili?

Mumewe alidhani anatania. Shule ya Kifaransa, mwalimu ajue Kiswahili cha nini? Lakini swali lile lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1965, huko St. Lambert karibu na Montreal, Canada, kikundi cha wazazi wanaozungumza Kiingereza kiliomba watoto wao wafundishwe kwa Kifaransa tangu chekechea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill wakiongozwa na Wallace Lambert waliwafuatilia watoto wale kwa miaka. Walikijua Kifaransa vizuri, na Kiingereza chao hakikudhurika. Programu za namna ile zimeenea Canada nzima na wauzaji wa elimu ya lugha mbili huzitaja kila siku. Kisichotajwa sana ni mazingira yake. Mwalimu alizungumza Kifaransa, lakini alielewa Kiingereza cha watoto, na mwanzoni mtoto aliruhusiwa kujibu kwa lugha yake. Aliposema anataka kwenda msalani, au mwenzake amemsukuma, alieleweka. Na Kiingereza kilikuwa kimejaa nyumbani, barabarani na kwenye televisheni, hakuna aliyekidharau.

Hilo la kudharau ndilo langu. Shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza hapa nchini zimebandika vibao vya kukataza Kiswahili, na zipo zinazowaadhibu watoto kwa kukizungumza. Yule baba wa Bukavu naye anakumbuka adhabu alizopewa shuleni kwa kuongea Kimashi. Anazisimulia akicheka, lakini Kimashi chake leo ni cha salamu tu. Ukienda kuangalia shule yoyote inayojiita ya lugha mbili, acha kwanza kompyuta na bwawa la kuogelea. Kaa pembeni wakati wa mapumziko usikilize watoto wanazungumza nini, na mwalimu anafanya nini anaposikia Kiswahili. Kama anakunja uso, lugha hapo ni moja, hata kama kibao cha getini kinasema mbili.

Morogoro si mgeni wa shule za kimataifa. Upande wa pili wa mji, Mazimbu, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga shule yake ya wakimbizi, Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kwenye shamba la zamani la mkonge lililotolewa na Tanzania. Kilianza 1978 kikiwa na sekondari, baadaye na msingi na malezi ya watoto wadogo, na walimu wakatoka nchi nyingi. Wapo watoto waliozaliwa pale Morogoro, wakajua Kiswahili cha majirani pamoja na lugha za wazazi wao na Kiingereza cha darasani. Mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya SUA. Watoto wale wakapelekwa “nyumbani”, nchi ambayo wengine hawakuwa wameiona. Nakumbuka habari zao kila ninapomsikia mzazi akisema shule ya kimataifa itamfanya mtoto awe wa dunia nzima. Wale walipelekwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, hawakuwa na hiari. Sisi tunachagua, kwa hiyo tuna wajibu wa kujua tunachagua nini.

Na Kifaransa chenyewe kilipita hapa zamani. Mapadri wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1880 wakafika Morogoro. Hawakuja kuwafundisha Waluguru Kifaransa. Walikaa chini wakajifunza Kiswahili. Mmoja wao, Charles Sacleux, aliishi Zanzibar na Bagamoyo karibu miaka 20, akachapisha kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, kisha kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka Paris kuanzia 1939. Hadi leo wataalamu wa Kiswahili wanaifungua. Nilimweleza yule baba akafurahi sana, akaniambia basi mwanaye anarudisha ziara.

Je, Kifaransa kina faida kwa mtoto wa Morogoro? Kinayo, tena inaongezeka. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliridhia Kifaransa kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kiswahili, na mwaka uliofuata Kongo ikajiunga. Mizigo ya Kongo inapita bandari ya Dar na malori yake yanapita Morogoro mchana na usiku. Arusha iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na kabla yake ilikuwapo Mahakama ya Rwanda iliyofanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa hadi 2015. Wakalimani walihitajika sana. Dereva, wakala wa forodha, muongoza watalii, muuguzi wa kambini, wote wanakitumia. Ila wengi wa hao hawakusoma shule ya Kifaransa. Walijifunza ukubwani, au shuleni kama somo, au kwao.

Kuna tofauti kati ya kujua Kifaransa na kusoma kwa Kifaransa, na bei zake ziko mbali kama Mzinga na Masaki. Mtaala mpya wa Tanzania ulioanza 2024 umeweka Kifaransa, Kiarabu na Kichina kuwa masomo ya hiari shule za msingi, mradi shule iwe na mwalimu. Dar kuna Alliance Française yenye kozi za watoto na watu wazima. Na Mzinga, ndani ya nyumba ninayoizungumzia, kuna mwalimu anayelala bure.

Mtaalamu wa lugha wa Kifaransa aliyeitwa Jules Ronjat aliandika mwaka 1913 kuhusu mwanawe Louis. Mama alikuwa Mjerumani. Rafiki yake alimshauri kwamba kila mzazi amzungumzie mtoto kwa lugha yake bila kuchanganya, na mtoto akakua na lugha zote mbili. Wapo wanaosema utaratibu huo ni mgumu, na kweli ni mgumu; nyumba nyingi huchanganya na watoto hawapotei. Lakini kwa miaka 5 yule baba wa Bukavu alikuwa hajamsemesha mwanaye Kifaransa hata kwa dakika kumi mfululizo. Kiswahili kilikuwa rahisi. Tena Kiswahili cha kwao, kinachomchekesha mkewe, maana shule kwao ni “masomo” na mtoto hurudi nyumbani akitangaza ametoka masomo, bibi akaguna.

Mama ndiye aliyemwambia: kabla ya kununua Kifaransa Dar, kitoe ulicho nacho. Naona alikuwa na haki. Mtafiti wa Canada, Jim Cummins, alionyesha kwamba mtoto anayejifunza kwa lugha ngeni huweza kupiga soga nayo baada ya kama miaka 2, lakini kuifikia ile ya vitabu na mitihani kwa kiwango cha wenzake huchukua miaka 5 hadi 7. Kwa hiyo anayempeleka mtoto shule ya Kifaransa “tujaribu miaka miwili tuone” anamtoa wakati mtoto anaongea vizuri mbele ya wageni na bado hawezi kusoma hesabu za maneno. Anarudi shule ya mtaala wa Tanzania, Septemba yao haioani na Januari yetu, Kiswahili cha kuandika kimebaki nyuma, Kiingereza nacho hakijaanza. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakirudishwa madarasa mawili nyuma. Shule hizi ni za kuanza na kumaliza. Piga hesabu ya ada kuanzia mwaka wa kwanza hadi baccalauréat, mtihani wao wa mwisho, wala usiishie kwenye ada ya muhula huu. Ikitajwa kwa yuro au dola, kumbuka kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za huduma za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Waombe wakuandikie kwa shilingi, na waulize ikipanda inapandishwa lini na na nani.

Uliza pia mlango wa kutokea. Mwenye cheti cha nje akitaka kuendelea na masomo hapa nchini atahitaji ulinganifu wa cheti kutoka Baraza la Mitihani (NECTA). Na shule yoyote, hata iwe na bendera ngapi getini, iombe namba yake ya usajili wa Wizara ya Elimu. Ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule iliyopo halmashauri yako itakusaidia kuihakiki. Shule nzuri haichukii kuulizwa.

Walichoamua? Januari mtoto alianza darasa la kwanza hapo hapo Mzinga, anaenda kwa miguu, bibi akimsindikiza hadi njia panda. Baba amepewa kazi: kuanzia saa moja jioni hadi wakati wa kulala ni Kifaransa, na ndugu wa Brussels wanatuma vitabu vya picha. Wiki za kwanza mtoto alimjibu kwa Kiswahili tu, na baba akataka kukata tamaa. Sasa kuna maneno yanatoka, hasa ya vyakula na ya kukataa kuoga. Mpango ni kuliangalia tena suala la Dar, au shule nyingine yenye somo la Kifaransa, akifika darasa la tano, umri ambao bweni linaruhusiwa na yeye mwenyewe anaweza kusema anataka au hataki.

Baba bado hajaridhika kabisa. Anasema miaka 5 ni mingi na mlango wa CP umefungwa. Mama anasema hata yeye hajamaliza. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kabla mtoto hajapelekwa mbali mjomba lazima aulizwe. Mjomba yuko Mgeta, juu huko kwenye kabichi na njegere, na simu yake hupatikana akipanda kilimani. Wamepanga kupanda kumwona mvua zikipungua, baba akiwa amebeba kilo mbili za sukari na maneno yake yote ya kujitetea, kwa Kiswahili cha Bukavu.